Siku Tisa Petrograd: Kumbukumbu ya Safari ya Desemba 1916

Wasafiri wa wakati wanaotajwa hapa ni wa kubuni. Jiji la Petrograd, mji mkuu wa Urusi wakati huo, nyumba, tarehe na watu wanaowakuta ni wa kweli. Safari imepangwa kuzunguka usiku mmoja, ule aliouawa Grigory Rasputin, mkulima wa Siberia aliyeaminiwa na malkia, wiki kumi tu kabla ya ufalme wa Warusi kuanguka. Kumbukumbu inafuata kalenda ya pale pale. Tarehe za kwetu zimewekwa kwenye mabano.

Jumanne, 13 Desemba (26 Desemba)

Kosa la kwanza huwa ni la tarehe. Urusi ya 1916 bado inafuata kalenda ya Julian, iliyo nyuma ya yetu kwa siku 13. Anayepanga kushuka tarehe 16 Desemba kwa hesabu ya kwetu atakuta Petrograd ni tarehe 3, na atalazimika kukaa karibu wiki mbili akila akiba na kujibu maswali. Piga hesabu mara mbili, kisha andika tarehe zote mbili kwenye karatasi moja.

Njia salama ya kuingia ni ile wanayopita wageni wengi wakati huu wa vita: Stockholm, kupanda kaskazini hadi Haparanda, kuvuka mto kwa sileji kuingia Tornio, kisha treni kupitia Finland, ambayo bado ni sehemu ya himaya, hadi Stesheni ya Finland jijini. Mgeni aliyetokea hewani bila mhuri wa mpakani hawezi kujieleza kwa bawabu. Mabawabu hawa si wa kudharau. Kila jengo lina wa kwake. Ndiye anayepeleka pasi ya mgeni polisi ikaandikishwe, na ndiye anayejua nani alirudi saa ngapi na alikuwa na nani.

Hati za kughushi huumbuka kwa herufi. Uandishi wa Kirusi tunaouona leo ulirekebishwa baada ya mapinduzi. Mwaka 1916 kila neno linaloishia na konsonanti hufungwa kwa alama ngumu, ъ, na herufi ѣ imejaa kila mahali. Hata jina la jiji huandikwa Петроградъ. Hati isiyo na ъ pale mwishoni itasomwa na karani kama sisi tunavyosoma barua iliyoandikwa na mtu ambaye hakufika darasa la pili, naye ataiweka pembeni na kumwita mkubwa wake. Jina la St Petersburg nalo liache nyumbani. Lilifutwa 1914 vita vilipoanza kwa sababu lilinuka Ujerumani, na Kijerumani chenyewe usikitamke barabarani.

Upande wa fedha, noti za rubli zinatosha, lakini chenji itakushangaza. Sarafu za fedha zimefichwa majumbani tangu vita vianze, na serikali imechapa stempu za posta kwenye kikaratasi kigumu zitumike badala yake. Ile ya kopeki 10 ina sura ya Nicholas II mwenyewe, Tsar, yaani mfalme wa Urusi. Igeuze: kuna tai wa vichwa viwili na maneno yanayosema inatumika sawa na sarafu ya fedha. Ni ndogo, hulowa kwa theluji na kuchanika mfukoni. Beba kipochi kikavu. Anayelipa kwa kumwaga sarafu za fedha mezani atakumbukwa dukani kwa wiki nzima, tena wakati huu kila duka lina masikio.

Jua linachomoza kama saa tatu asubuhi na kuzama saa tisa alasiri. Kwa aliyezoea mchana wa saa kumi na mbili, ratiba yote hubadilika: mambo mengi yanayoitwa ya mchana hapa hufanyika gizani.

Jumatano, 14 Desemba (27 Desemba)

Leo ni Tsarskoye Selo, kilomita 24 hivi kusini mwa jiji, nusu saa kwa treni. Ndiyo reli ya kwanza ya Urusi, iliyofunguliwa 1837. Tsar hayupo. Tangu Agosti 1915 alijitwalia ukuu wa majeshi na anaishi makao makuu ya jeshi Mogilev. Hapa kwenye kasri la Alexander anabaki malkia Alexandra na mabinti zake wanne, na humo ndimo njia zote za kumfikia Tsar zinamopita.

Msafiri anayetaka kuelewa fitina za jumba hili aanze na milango. Kwenye milango ya vyumba vya kifalme husimama watumishi weusi waliovaa suruali nyekundu, koti la dhahabu, kilemba cheupe na viatu vilivyopinda ncha. Waliitwa Wahabeshi, lakini aliyejulikana zaidi, Jim Hercules, alikuwa Mmarekani. Inasimuliwa kwamba akitoka likizo kwao aliwaletea watoto wa Tsar jamu ya mapera. Kazi yao ni kufungua na kufunga. Mmoja wao akiingia chumbani kimya kimya, waliomo wanajua Tsar au malkia yuko nyuma yake. Hawana silaha wala cheo, na bado waziri husubiri mpaka wao waguse kitasa. Kwa msafiri Mwafrika maana yake ni hii: jijini huwezi kupita bila kuangaliwa, na ukikaribia kasri watu watakuchukulia kuwa mtu wa ndani, wakuulize habari usizozijua.

Mlango wa pili hauna mbao. Ni nyumba ndogo ya Anna Vyrubova, rafiki wa malkia, anayetembea kwa magongo tangu ajali ya treni ya Januari 1915. Rasputin na malkia wakitaka kuonana bila daftari la kasri kuandikwa, huonana kwake. Chanzo cha yote ni mtoto. Alexei, mrithi pekee wa kiume, ana hemofilia. Damu yake haigandi, na malkia anaamini Rasputin ndiye anayeweza kumponya. Ugonjwa huo ni siri ya dola. Kwa kuwa raia hawajui kwa nini mkulima wa Siberia anaingia kwa malkia, wamejijazia sababu zao wenyewe, na zote ni chafu kuliko ukweli.

Leo hii malkia anamwandikia mumewe barua. Huandika kwa Kiingereza na huipa kila barua namba. Katika hii anamtaka awe kama Peter Mkuu, Ivan wa Kutisha na mfalme Paul, awaponde wapinzani, na anataja majina ya wa kupelekwa Siberia. Paul, mwenzake anayemtolea mfano, aliuawa na maofisa wake mwenyewe 1801. Barua inaondoka kwenda Mogilev.

Alhamisi, 15 Desemba (28 Desemba)

Mtaa wa Gorokhovaya namba 64, ghorofa ya tatu, nyumbani kwa Rasputin. Ngazi zimejaa waombaji: wajane, wafanyabiashara wa zabuni za jeshi, mama anayetaka mwanawe asipelekwe vitani. Chini na ngazini wapo maafisa wa Okhrana, polisi wa siri, wanaomlinda na papo hapo kuandika kila aingiaye. Katika taarifa zao Rasputin hatajwi kwa jina; wanamwita "Mweusi", kwa maana ya mtu wa giza. Ukipanda ngazi hizi umeshaandikwa. Ziara moja fupi inatosha, tena ukiwa na ombi la kweli mkononi, kwa sababu asiye na ombi ndiye anayefuatwa.

Anachotoa mwenyeji ni kikaratasi. Juu anachora msalaba, chini anakwaruza maneno mawili matatu yenye herufi zilizopinda, kumwomba waziri fulani amsaidie mleta karatasi. Hakuna jina la mwombaji wala maelezo ya shida. Kikaratasi hicho kinafungua ofisi ambazo barua ya wakili haifungui. Lakini si kila mara, maana wapo mawaziri wanaokitupa, na hao ndio hutafutiwa sababu ya kuondolewa. Mwaka huu mmoja umeona mawaziri wakuu watatu: Goremykin aliondoka Januari, Stürmer akaondoka Novemba, sasa ni Trepov, naye hana wiki mbili kabla hajaondolewa.

Siri ya mauaji imekwisha kuvuja. Tarehe 19 Novemba mbunge Vladimir Purishkevich, mtetezi wa ufalme wa kufa na kupona, alisimama Duma kuzishambulia nguvu za giza zilizomzunguka Tsar, na tangu hapo amekuwa akiongea zaidi ya inavyofaa. Wenzake ni Felix Yusupov, aliyemwoa Irina, binti wa dada yake Tsar, Dmitri Pavlovich, binamu wa Tsar, luteni Sukhotin, na daktari Lazovert wa treni ya hospitali ya Purishkevich. Siri ya wawili tu ni ngumu, hii ni ya watano na mmoja wao ni mwanasiasa.

Ijumaa, 16 Desemba (29 Desemba)

Mchana Vyrubova anafika Gorokhovaya na picha takatifu aliyotumwa na malkia, iliyotoka Novgorod. Rasputin mwenyewe anamwambia kwamba usiku anakwenda kwa Yusupov kuonana na Irina. Vyrubova anarudi Tsarskoye Selo na kumweleza malkia, naye anashangaa: Irina yuko Crimea, ataonanaje naye? Mazungumzo yanaishia hapo. Wanawake wawili wenye simu na polisi wa dola nzima mkononi wamelishika kosa la mpango huu kwa vidole, kisha wakaliachia.

Kwa anayefuatilia usiku wenyewe, nafasi nzuri ni ukingo wa mto mdogo wa Moika ng'ambo ya kasri la Yusupov, namba 94. Usijaribu kuingia ndani. Vaa valenki, mabuti ya sufu iliyogandamizwa. Buti la ngozi hukutoa vidole kwa saa mbili za kusimama. Usivute sigara, cheche huonekana mbali. Usisimame sehemu moja zaidi ya dakika kumi, maana askari wa zamu wapo pande zote za mto.

Baada ya saa sita usiku Yusupov anamfuata mgeni wake kwa gari. Lazovert anaendesha akiwa amevaa sare ya dereva. Yusupov anapanda kwa ngazi za nyuma, za jikoni, asionekane, lakini mtumishi wa nyumba anamwona kutoka nyuma ya pazia na kumtambua. Huyo ni shahidi wa kwanza.

Kasri lina mlango mdogo wa pembeni unaofungukia uani, upande wa namba 92. Humo wanaingia na kushuka chumba cha chini kilichopambwa kwa haraka kama chumba cha kulia, chenye keki na mvinyo wa Madeira. Juu gramafoni inapigwa ili mgeni aamini Irina ana wageni wake na atashuka punde. Keki zinasemekana zilitiwa sianidi. Hapa mwendo wa mambo unategemea masimulizi ya wauaji wenyewe, na yanapaswa kusomwa kwa tahadhari: Yusupov na Purishkevich hawapatani katika mengi, na Maria, binti wa Rasputin, alisema baba yake hakuwa mtu wa vitu vitamu. Sumu haikumwangusha. Yusupov akampiga risasi, wakadhani amekufa, wakapanda juu kujipongeza. Aliyedhaniwa maiti akatoka kwa mlango ule mdogo hadi uani, kwenye theluji, na Purishkevich akamfyatulia.

Hilo ndilo lililoua mpango. Risasi ya chumba cha chini, nyuma ya kuta nene, haisikiki. Risasi za uani zinavuka mto. Askari Efimov aliyekuwa zamu upande wa Morskaya alizisikia kama saa nane na nusu usiku. Askari Vlasyuk wa upande wa kasri alikuja kuuliza, akaambiwa hakuna kitu, akaondoka. Baadaye akaitwa ndani, na Purishkevich, kwa kinywa chake, akamwambia amemuua Rasputin na kwamba kama anampenda Tsar na nchi yake anyamaze. Askari alitoa taarifa kwa wakubwa wake, kama kazi yake inavyomtaka.

Jumamosi, 17 Desemba (30 Desemba)

Kabla hakujapambazuka gari la Dmitri linapeleka mwili daraja la Bolshoy Petrovsky, la mbao, juu ya mto Malaya Nevka. Mto umeganda, ila karibu na nguzo kuna uwazi kwenye barafu. Makosa matatu yanafanyika ndani ya dakika chache. Minyororo iliyoletwa kuzamisha mwili inasahauliwa na kutupwa baada ya mwili kuondoka. Damu inabaki kwenye reli ya daraja. Na kiatu kimoja cha mpira, cha kuvalia juu ya buti, kinaachwa nyuma, kisha binti za marehemu wanakitambua.

Kasrini kuna damu uani. Yusupov anaamuru mbwa auawe na kuburutwa juu ya madoa, aeleze kwamba wageni walevi walimpiga risasi mbwa. Maelezo hayo yana kasoro moja inayoonekana kwa macho: madoa yanaanzia mlangoni na kupita uani kwa mstari, kama mtu aliyekuwa akikimbia. Mchunguzi aliyeona njia ile hakuhitaji maabara.

Asubuhi mabinti wanapiga simu Tsarskoye Selo kwamba baba hajarudi. Jioni gazeti moja linachapa kwamba Rasputin amekufa, kabla wachunguzi hawajafungua mikono. Yusupov anakwenda stesheni apande treni ya Crimea, anazuiwa kwa amri ya malkia, na anahamia kwa Dmitri kwenye kasri la Nevsky karibu na daraja la Anichkov, ambalo ghorofa zake zimegeuzwa hospitali ya Waingereza na Warusi. Kisheria malkia hana mamlaka ya kumweka ndani mtu wa ukoo wa kifalme. Tsar peke yake ndiye anayo. Amewaweka hivyo hivyo.

Jumapili, 18 Desemba (31 Desemba)

Makanisani watu wanawasha mishumaa mbele ya picha ya Mtakatifu Dmitri. Kwenye foleni za mkate, habari husikilizwa, mtu anaitikia kwa kichwa, kisha anauliza unga umefika au la. Warusi wanaziita foleni hizi "mikia". Msafiri akae mkiani saa moja angalau. Ngano na shayiri zipo kusini, ila reli imeelemewa na vita, vichwa vya treni vimechakaa, na kila behewa linalokwenda mstari wa mbele ni behewa lililopunguzwa jijini. Wanawake wanasimama usiku gizani kabla ya zamu ya kiwanda. Hapa hakuna anayemlilia Rasputin, na hakuna anayedhani kwamba kufa kwake kutaleta unga.

Jumatatu, 19 Desemba (1 Januari 1917)

Mwili unaonekana chini ya barafu, si mbali na daraja. Kilichouonyesha ni koti la manyoya lililogandia kwenye barafu. Tsar anarudi kutoka Mogilev.

Jumanne na Jumatano, 20 na 21 Desemba (2 na 3 Januari)

Uchunguzi wa maiti unafanyika kwenye nyumba ya wazee ya Chesme, njiani kwenda Tsarskoye Selo, chini ya Profesa Kosorotov. Majeraha ya risasi ni matatu: ubavu wa kushoto, mgongo, na paji la uso. La mwisho linatosha peke yake. Hadithi kwamba alikuwa hai akapambana chini ya maji ilipendwa sana na inafaa kuachwa huko huko. Jumatano asubuhi anazikwa Tsarskoye Selo, kwenye msingi wa kanisa ambalo Vyrubova anajenga, mbele ya Tsar, malkia na mabinti zao. Msafiri asikaribie, walioalikwa wanahesabika kwa vidole. Miezi mitatu haitapita kabla kaburi halijafukuliwa na mwili kuchomwa moto.

Kesho yake, kwa kalenda ya kwetu tarehe 4 Januari, Frederick Selous, mwindaji maarufu Mwingereza aliyekuwa ofisa wa jeshi, alipigwa risasi Beho Beho, kaskazini mwa Rufiji, vita hivi hivi vikiendelea Afrika Mashariki ya Wajerumani, na wapagazi wa pwani na bara wakifa kwa njaa na homa kwenye njia za jeshi.

Adhabu za waliomuua Rasputin zilikuwa hizi: Dmitri alipelekwa mpaka wa Uajemi, Yusupov kwenye shamba lake Rakitnoye, mkoa wa Kursk, Purishkevich akaenda vitani na treni yake bila kuguswa. Watu wa ukoo waliandika barua ya pamoja kumwombea Dmitri, Tsar alikataa. Kufukuzwa huko ndiko kulikomwokoa Dmitri. Wengi wa waliobaki karibu na Tsar waliuawa.

Siku ya ziada: Alhamisi, 23 Februari 1917 (8 Machi)

Ruka wiki tisa mbele. Jana yake Tsar ameondoka tena kwenda Mogilev, na wafanyakazi wa kiwanda cha Putilov wamefungiwa milango. Waziri mkuu sasa ni Golitsyn, mzee aliyeomba asipewe kazi hiyo. Protopopov, waziri wa mambo ya ndani aliyependekezwa na Rasputin, bado yupo, na anahakikisha kwamba jiji limetulia.

Simama upande wa Vyborg, ng'ambo ya Neva, asubuhi. Ni Siku ya Wanawake. Wafumaji wa viwanda vya nguo wanaacha mashine, wanapita kiwanda kwa kiwanda wakiwaita wanaume watoke, wakipaza sauti moja: mkate. Polisi wanaziba daraja la Liteiny. Valenki zile zile ulizosimamia Moika zivae tena, maana umati haungoji daraja. Unashuka ukingoni na kuvuka mto kwa miguu juu ya barafu.